Mgonjwa wa Pili Ndani ya Sanduku



Jumapili iliyopita wanafunzi wawili walitungoja mlangoni mwa kanisa baada ya Misa ya pili, wakatuuliza: “Mwalimu, ni kweli sanduku lako la kumbukumbu limekufa?” Habari hutembea upesi katika mji wa Kalemie. Tukawajibu kwamba halikufa, ila limeugua sana, na kwamba tutalieleza jambo lote katika ukurasa huu, ili kila jamaa yenye picha zake na sauti za wazee wake ndani ya mashine ijue la kufanya siku ya mashaka itakapofika.

Sanduku lenyewe si kitu cha fahari. Ni kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi moja. Tuliitia diski nne za terabaiti 4 kila moja, tukaiweka pembeni mwa chumba cha kulia, na watu wote wa nyumba hupeleka humo picha zao. Lakini humo mna mambo makubwa kuliko picha zetu. Mna picha za kurasa za vitabu vya ubatizo, ambavyo mchwa wameanza kuvionja; Padri ndiye aliyetuomba tuzitunze. Tena mna sauti ya mzee mmoja katekista wa upande wa Kirungu, aliyekwisha kufariki, akisimulia jinsi alivyomtumikia Misa Padri Stefano Kaoze alipokuwa yeye bado mtoto mdogo. Padri Kaoze, mwana wa Marungu, alipewa upadri mwaka 1917, wa kwanza miongoni mwa Wakongo wa nyakati zetu, akafariki mwaka 1951. Watu waliomwona kwa macho yao wamebaki wachache mno. Sauti ile ikipotea, hatuna mtu wa kumrudia.

Basi, usiku wa mvua kubwa umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, mara tatu. Asubuhi tukasikia ndani ya sanduku mlio mdogo: tik, tik, tik, kisha kimya, kisha tik tena. Kiooni palikuwa na maneno mafupi ya kutuambia kwamba diski tatu zinafanya kazi kati ya nne.

Yafaa kwanza tueleze diski ni nini. Ndani ya kile kisanduku cha chuma mna sahani nyororo zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kila dakika, na juu ya kila uso wa sahani kuna kichwa kidogo kinachosoma na kuandika kwa nguvu ya sumaku. Kichwa hicho hakigusi sahani. Huelea juu ya hewa, mbali na sahani kwa nanomita chache tu, na unywele wa mtu una unene wa maelfu ya nanomita. Ndiyo sababu tunawasihi vijana wetu wasifungue diski kwa bisibisi ili “kutazama tu”. Chembe moja ya vumbi ni mlima mbele ya kichwa kile. Na yule jirani aliyetushauri tuiweke diski katika friji tulimshukuru kwa wema wake, lakini hatukumfuata, kwa maana kitu baridi kikitoka katika hewa ya joto hufanya umande, na umande juu ya sahani ni mauti. (Wa kwanza kuuza mashine za namna hii walikuwa IBM wa Marekani, mwaka 1956. Yao ilikuwa na sahani 50, kila moja na upana wa sentimita 61, ikabeba herufi milioni 5 tu. Leo mtoto wa shule hubeba maelfu ya mara hizo mfukoni, tena huzipoteza bila kulia.)

Je, kwa nini diski nne, wala si moja? Tuwape wanafunzi hesabu ndogo. Andika namba tatu, kila moja katika karatasi yake: 5, 7, na 2. Katika karatasi ya nne andika jumla yake, 14. Sasa ichome moto karatasi ya 7. Je, namba imepotea? La, kwa maana 14 ukitoa 5 na ukitoa 2, utapata 7. Mashine hufanya vivyo hivyo, ila kwa hesabu yake yenyewe ya sufuri na moja, na jumla hizo huzigawa juu ya diski zote. Mpango huu huitwa RAID 5, na jina la RAID lilitolewa na wataalamu wa chuo kikuu cha Berkeley katika maandiko yao ya mwaka 1988. Lakini mwangalie vema: ukichoma karatasi mbili, hesabu imekwisha.

Kwa hiyo siku diski moja inapokufa, mtu hutamani kukimbia. Anazima, anawasha, anazima tena, anabonyeza kila anachokiona. Ndiyo hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Zaidi ya yote, kama mashine ikikuuliza kama unataka kuanza upya na kutayarisha diski zote, jibu lako ni hapana, hata ukiulizwa mara kumi.

Sisi tuliacha kila kitu kama kilivyo, tukaomba taarifa ya afya. Kila diski hujiandikia kitabu cha ugonjwa wake, nayo programu ya smartctl hukisoma. Mistari ni mingi, lakini michache yatosha. Mstari wa 5 huhesabu sehemu za sahani zilizokufa na kuhamishiwa mahali pa akiba. Mstari wa 197 huhesabu sehemu zinazoshindwa kusomeka na kungoja hukumu. Mstari wa 199 hauhusu sahani hata kidogo; wahusu makosa yanayotokea njiani, na mara nyingi kosa ni la waya. Fundi mmoja kijana alikwisha kutuambia tununue diski mpya mara moja. Lakini mstari wa 199 ulikuwa umepanda, na waya hauna bei kubwa. Tukabadili waya kwanza. Haikusaidia. Mlio uliendelea, mstari wa 197 ukatoka 48 ukafika 112 kwa siku moja. Ndipo tukakubali: diski hii ni mgonjwa mwenyewe.

Diski mpya ilitoka Lubumbashi kwa ndege. Katika kuingoja tulifanya jambo moja la akili, nalo tunalisema bila haya kwa kuwa la pili lilikuwa la upumbavu. Tuliazima diski ya nje ya parokia, tukanakili juu yake vitabu vya ubatizo na sauti za wazee, gigabaiti 310. Vitu vingine havikuenea, navyo tukaviacha.

La upumbavu ni hili. Tulizima mashine, tukahesabu diski kutoka juu, tukaitoa ya tatu, kwa kuwa mashine ilisema ya tatu ndiyo mgonjwa. Mtoto wetu, aliyekuwa akishika taa, akatazama karatasi yetu, akasema: “Papa, namba iliyo juu ya diski hii si ile uliyoiandika.” Kumbe herufi ambazo mashine huzipa diski zaweza kubadilika kila inapowaka, wala hazifuati safu ya sandukuni. Namba ya kiwanda iliyobandikwa juu ya diski ndiyo jina lake la ubatizo, nayo haibadiliki. Tulikuwa tumeshika mkononi diski nzima, yenye afya. Tukairudisha mahali pake kimya kimya. Leo kila diski ina karatasi nyeupe mbele yake yenye namba yake, kwa mwandiko wa mtoto yule.

Diski mpya ikatiwa, na mashine ikaanza kujenga upya kile kilichokufa. Kazi hiyo si ya dakika. Mashine yetu kuukuu husoma yapata megabaiti 100 kila sekunde, na terabaiti 4 kwa mwendo huo ni saa 11. Tulikodi jenereta na kununua petroli, tukaomba watoto wasiguse waya wowote. Saa ya saba ilipopita, hesabu ikiwa 61 kwa mia, kazi ikasimama. Diski nyingine, ile ya mwisho, ilikuwa imeshindwa kusoma mahali pamoja, na mashine ikaitupa nje. Karatasi mbili motoni.

Tusiseme kwamba tulikuwa watulivu. Mama wa nyumba alituletea chai, akaondoka bila kuuliza neno.

Wengine watashangaa kwamba mgonjwa wa pili alianguka saa ileile. Si ajabu. Diski zetu zote nne zilinunuliwa siku moja, zikafanya kazi ileile miaka ileile. Tena kujenga upya kwailazimisha kila diski isomwe kutoka mwanzo hadi mwisho, hata pembe ambazo hazikuguswa tangu mwaka juzi. Wataalamu wa Google, waliochunguza diski zaidi ya 100,000 na kutoa matokeo yao mwaka 2007, waliona kwamba diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza la kusoma ilikuwa na hatari ya kufa mara 39 zaidi katika siku 60 zilizofuata. Waliona pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuonyesha hata dalili moja katika mistari ile mikubwa. Kitabu cha ugonjwa chafaa kusomwa, lakini hakiahidi kitu.

Na hapa kuna kosa letu. Debian, mfumo unaoendesha sanduku letu, umepangiwa kukagua diski zote Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, usiku wa manane, ili kugundua sehemu mbovu mapema, wakati jumla bado zaweza kuziponya. Lakini saa hiyo nyumbani mwetu hakuna umeme, na mashine imelala. Ukaguzi haukufanyika hata mara moja. Sisi twawapa wanafunzi mtihani kila mwezi, na diski zetu hatukuzipa mtihani hata mmoja! Siku hizi hukaguliwa Jumamosi mchana.

Diski mpya tuliyoikusudia mgonjwa wa kwanza tukampa mgonjwa wa pili. Kuna programu iitwayo ddrescue, ambayo huinakili diski dhaifu kwa upole: huchukua kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi, hukumbuka palipo na shida, kisha hurudi pale mara nyingi kudai zaidi. Haiandiki kitu juu ya mgonjwa. Ilifanya kazi usiku na mchana, siku mbili. Mwisho wake sehemu 9 zilibaki bila kusomeka, kila moja ya baiti 4,096; jumla ni baiti 36,864 kati ya terabaiti 4. Tukakusanya diski mbili nzima pamoja na nakala hiyo mpya, tukaiamuru mashine izipokee, nayo ikafunguka. Hapo ndipo tulipoagiza diski nyingine ya nafasi ya yule aliyekufa kwanza.

Msomaji atasema: basi RAID imewaokoa. Nusu ni kweli. RAID husaidia mashine iendelee kazi siku ya kifo cha diski moja. Si nakala ya akiba. Mtu akifuta faili kwa kosa, inafutika juu ya diski zote. Mwizi akiingia, hubeba zote nne. Maji ya Tanganyika yalipopanda mwaka 2024 na kuingia nyumbani mwa watu, hayakuuliza kama kuna diski moja au nne. Mambo ya thamani yataka nakala tatu, na mojawapo ikae nyumba nyingine kabisa. Diski ya parokia imerudi kwa Padri, naye ameifungia kabatini pamoja na ile sauti ya katekista, na yetu imebaki kwetu. Nakala ya tatu tutaipeleka Kirungu kwa wajukuu wa mzee, likizo itakapofika.

Tumeifungua kila faili, na zote zimeitika, ila moja. Ni sinema ya Komunyo ya Kwanza ya binti yetu, dakika 14, ambayo siku ile hatukuihesabu kati ya vitu vya thamani. Kidonda kimeangukia fahirisi yake, mahali panapoiambia mashine kila picha i wapi, basi haifunguki kabisa. Mama wa nyumba hakutulaumu. Aliuliza tu kama ni ile ambamo bibi wa mtoto anacheza ngoma mbele ya kanisa. Tukajibu ndiyo, ni ile. Fundi kijana anasema yawezekana kuitengeneza fahirisi upya, tukipata sinema nyingine iliyopigwa kwa simu ileile. Simu iliuzwa mwaka jana sokoni. Tumeanza kumtafuta aliyeinunua.