Jiko Nalo ni Chuo

Juzi mjukuu wangu aliingia jikoni akakuta donge la mahamri limefura bakulini. "Bibi, unga umekuwa mkubwa!" Bibiye akacheka: "Umeumuka, mume wangu."

Mtoto huyo ana miaka 7 na shuleni hasifiki vibaya, lakini neno hilo hakuwa nalo. Kosa si lake, ni letu tumwambiao kila siku, "Toka jikoni, utaungua!" Wazee walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Akifukuzwa jikoni, atakitazamia wapi?

Hebu wasomaji uhesabuni mkate wa sinia kwa maneno yake. Mchele huchaguliwa, hurowekwa, husagwa kwa tui zito. Hutiwa hamira, sukari na iliki. Hufunikwa hata ukaumuka, kisha humiminwa na kupaliwa makaa juu na chini. Mtoto aliyeyashika maneno hayo kwa mkono na pua hayamtoki tena.

Na kusoma kumo humo. Mpeni daftari aandike: mchele vikombe 2, hamira kijiko 1. Safari ya pili asome na kupima mwenyewe. Akisoma "vijiko" pahali pa "kijiko", mkate utafurika na kumsahihisha kabla ya mwalimu.

Wala nisiambiwe kwamba mvulana hahusiki. Biriani za harusi zetu, wapishi wake wengi si wanaume?

Ramadhani ikija, mwiteni mtoto jikoni. Mkate ukiungua utapikwa mwingine. Neno likisahauliwa na wajukuu, hatutalipata dukani.