Hasara ya Umeme Majumbani Si Kudra

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi siku hizi utaikuta kompyuta mezani. Haikuwekwa hapo kuwa pambo. Mwalimu huitumia kutungia mitihani, karani wa chama cha ushirika kuwekea hesabu, na mwanafunzi wa chuo kuandikia tasnifu yake. Ni chombo cha kazi, kama jembe lilivyo kwa mkulima, na mara nyingi kimenunuliwa kwa mkopo wa chama cha kuweka na kukopa unaokatwa katika mshahara mwezi baada ya mwezi. Basi umeme unapokatika jioni, ukarudi kwa kishindo, na chombo hicho kikazimika kisiwake tena, mwenyewe hubaki akilipa deni la kitu asichokuwa nacho.

Akienda kwa fundi, huambiwa umeme umeunguza. Akiwauliza majirani, huambiwa ni bahati mbaya. Akienda ofisini kulalamika, huambiwa asubiri. Hatimaye na yeye hukata tamaa, akaihesabu hasara yake pamoja na mafuriko na nzige. Sisi twasema hasara hii si kudra. Ina sababu zinazojulikana, na kila sababu ina mwenyewe.

Kwanza yafaa tuseme ukweli kuhusu mahali tulipofika. Nchi yetu imepita katika vipindi vigumu vya mgao wa umeme, na wananchi hawajasahau ule wa mwaka 2011 wala ule wa mwishoni mwa mwaka 2023. Ndugu zetu wa Unguja walikaa gizani karibu mwezi mzima kuanzia Mei 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya njia ya umeme itokayo Bara kuharibika. Leo Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Hiyo ni kazi kubwa, na hapana mwenye haki atakayeikana.

Lakini wingi wa umeme mtoni haufanyi umeme kuwa mzuri sebuleni. Tarehe 1 Aprili 2024, wakati mitambo ya kwanza ya bwawa hilo ilikwisha kuanza kazi, hitilafu katika Gridi ya Taifa ilizima umeme katika sehemu kubwa ya nchi. Na hata siku ambazo gridi ni nzima, umeme husafiri kutoka Rufiji hadi kwenye transfoma ya mtaa, na kutoka hapo hupita nguzo kwa nguzo hadi mlangoni. Ubora wake huamuliwa zaidi katika kipande hicho cha mwisho kuliko mahali pengine popote.

Umeme wa majumbani kwetu umepangwa kuwa wa volti 230. Transfoma iliyowekwa kwa ajili ya nyumba chache ikilazimishwa kulisha mtaa ulioongezeka mara tatu, na waya ukarefushwa kila mpangaji anapojenga kwake, nyumba ya mwisho hupata umeme mdogo. Taa hufifia saa za jioni, na mota ya friji huvuta mkondo mkubwa kupita kiasi, hupata joto, na mwisho huungua. Kompyuta nyingi za siku hizi zaweza kustahimili umeme mdogo, kwa maana vifaa vyake vya kupokelea umeme hutengenezwa kwa volti 100 hadi 240. Kinachoziua kompyuta ni umeme uliozidi.

Umeme uliozidi huja kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni radi. Ya pili ni ule mshindo wa umeme unaporudi baada ya kukatika, ambapo mafriji, pampu na mashine za mtaa mzima huamka pamoja, na volti hupanda na kushuka kabla ya kutulia. Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, na wananchi wachache wameelezwa habari zake.

Katika nguzo za mtaa kwa kawaida hupita waya tatu zenye umeme na mmoja wa kurudishia, ambao mafundi huuita nyutro. Kati ya waya mmoja wenye umeme na mwenzake mna volti 400. Ni nyutro inayofanya kila nyumba ipate volti 230 tu. Nyutro hiyo ikikatika au ikilegea kwenye kiungo, nyumba zilizo kwenye waya tofauti hugawana zile volti 400 bila usawa. Yule mwenye vyombo vingi vinavyofanya kazi hupata volti chache, na yule mwenye vyombo vichache hurundikiwa zilizobaki. Basi katika mtaa mmoja, mwenye nyumba aliyewasha majiko na mapasi huona taa zimefifia, na mpangaji mwenye balbu moja na kompyuta moja ndiye anayeunguziwa. Kiungo kimoja kilichoota kutu juu ya nguzo chaweza kumaliza akiba ya miaka miwili ya mtu ambaye hakukigusa kamwe.

Jambo kama hilo haliwezi kuitwa bahati mbaya. Kiungo hulegea polepole, na kabla hakijakatika hutoa dalili: taa hucheza, cheche huonekana usiku, baadhi ya nyumba hupata mwanga mkali kupita kawaida. Kazi ya kukikagua na kukikaza ni ya mwenye nguzo. Mwananchi akipiga simu kutoa taarifa kwamba umeme unacheza, taarifa hiyo yapasa kupewa uzito ule ule wa taarifa ya moto. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa namna hii hujengwa kwa fedha za watu wasio na kosa.

Hata hivyo, haifai kulaumu nguzo peke yake. Ndani ya nyumba zetu mna makosa yetu wenyewe. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hutoa leseni kwa mafundi wa kufunga umeme. Lakini wengi wetu tukitaka kuokoa shilingi chache twamwita kishoka, ambaye huacha kufunga waya wa ardhini au huuacha ukining'inia nyuma ya ukuta bila kuzikwa. Kisha twanunua kifaa cha kulindia kompyuta, twakichomeka katika soketi hiyo, na twalala kwa amani. Kifaa hicho sehemu ya kazi yake ni kuuelekeza umeme wa ziada ardhini, na pasipo njia ya kwenda ardhini ulinzi huo haupo. Tena chombo kilichomo ndani yake huchakaa kwa kila mshindo kinaoupokea, hata siku moja hubaki taa nyekundu tu inayowaka bila kulinda chochote.

Pia wako wafanyabiashara wanaouza waya mwembamba uliopigwa chapa ya waya mnene, na soketi za plastiki ziyeyukazo kwa joto dogo. Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani zina mamlaka juu ya bidhaa hafifu na za bandia. Ukaguzi wao katika maduka ya vifaa vya umeme ni ulinzi wa maisha, kwani waya ule ule unaounguza kompyuta leo huweza kuunguza nyumba na watoto waliolala ndani yake.

Sasa iko haki ya fidia. Mwananchi ambaye chombo chake kimeunguzwa na hitilafu ya njia ya umeme anayo nafasi ya kudai. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa anayetoa huduma. Asiporidhika, huyapeleka EWURA, na uamuzi wa EWURA waweza kukatiwa rufani mbele ya Baraza la Ushindani. Jirani zetu wa Kenya, katika Sheria yao ya Nishati ya mwaka 2019, wameandika waziwazi habari ya fidia kwa madhara yatokanayo na umeme usio na ubora. Yafaa na sisi kanuni zetu zijulikane hivyo hivyo kwa kila mlipaji wa LUKU, zibandikwe katika kila ofisi ya umeme kwa Kiswahili kinachosomeka, zikionyesha muda wa kujibiwa na ushahidi unaotakiwa. Haki isiyojulikana na mwenye haki haimfai kitu.

Na ushahidi ndio mahali ambapo wengi hushindwa. Mtu mmoja anapokwenda peke yake na kompyuta iliyoungua, ni rahisi kuambiwa kwamba chombo chake kilikuwa kibovu. Nyumba 12 za mtaa mmoja zikileta orodha ya vyombo vilivyoungua usiku mmoja, saa ile ile, na taarifa ya fundi mwenye leseni kwa kila chombo, jibu la namna hiyo haliwezekani tena. Basi wajumbe wa mashina na viongozi wa matawi ya wafanyakazi waichukue kazi hii: kila mtaa uwe na daftari la kuandika tarehe, saa, aina ya hitilafu, vyombo vilivyoharibika na namba ya taarifa iliyotolewa kwa simu. Daftari la shilingi mia chache litakuwa na nguvu kuliko kelele za mwaka mzima.

Wakati madai hayo yakiendelea, kila mmoja ajilinde nyumbani kwake. Umeme ukikatika, chomoa plagi ya kompyuta, usitosheke kuzima swichi. Ukirudi, ngoja dakika kadhaa hadi taa zitulie. Ukiona radi inakaribia, chomoa na waya wa antena au wa intaneti, kwa kuwa radi hupita huko pia. Mwenye uwezo atumie kifaa chenye betri, kikampa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Na kazi yako, ndugu, iwe na nakala ya pili nje ya kompyuta hiyo. Kompyuta hununuliwa tena kwa taabu, lakini tasnifu ya miaka mitatu au hesabu za chama cha ushirika hazipatikani dukani.

Wafanyakazi wanalipa umeme wao kabla ya kuutumia. Hapana deni wanalodaiwa. Kwa hiyo si upendeleo wanapotaka umeme huo ufike kwao ukiwa salama, na hasara isiyo yao isiachwe mikononi mwao.