Siendi Popote

Nimechoka kuulizwa naenda wapi. Soja wa geti letu hapa Kahawa West ananiuliza. Mama mboga ananiuliza. Jamaa wa bodaboda pale steji, ambaye angalau ana sababu kwa kuwa mimi ni mteja aliyempotea, ananiuliza kila siku ya Mungu. Nikijibu "siendi popote, naendesha tu," nyuso zinabadilika. Kuna wanaocheka. Kuna wanaonitazama kama niliyewaambia kwamba kwetu jana hatukula. Mmoja aliwahi kunishika bega akasema, kwa upole kabisa, "Usijali bro, kazi itapatikana."

Sikuwa nimelalamikia kazi.

Kwa hivyo leo nataka kutetea kitu ambacho sijaona kikitetewa: kupanda baiskeli bila shughuli. Si kwenda kazini. Si kupunguza kitambi. Si kuokoa nauli wala kuokoa dunia. Kutoka tu saa tisa mchana, kuzunguka, kurudi.

Baiskeli yangu ni ya mtumba. Iliandikwa kuwa na gia 18, zinazoingia ni 6. Niliinunua mwaka niliotoka chuo kikuu, na nisifiche, niliinunua kwa pesa za karo. Nilikuwa na shilingi 12,000 mkononi na deni lililozidi 40,000, mtihani ulikuwa wiki inayofuata, na nilishapiga simu kwa kila mjomba. Elfu kumi na mbili haingenifungulia mlango wowote kule. Ikanifungulia huu.

Mamangu hajanisamehe, na simlaumu. Kwao, upande wa Mumias, baiskeli ni jembe lenye magurudumu. Hubeba gunia la mahindi hadi kwa mtambo wa kusaga, hubeba mgonjwa, hubeba kuku wanne wakiwa wamening'inia vichwa chini. Si mbali na hapo, kule Busia, ndiko hili neno bodaboda lilikozaliwa, kwa vijana waliovusha watu mpakani kwa baiskeli za kawaida, miaka mingi kabla ya injini kuja kulichukua jina. Mama amekua akijua kwamba mtu hukanyaga pedali kwa sababu hana namna. Ukisoma, unaacha. Mimi niliacha kusoma nikaanza kukanyaga. "Na akili zako zote hizo," aliniambia kwenye simu, "ukaona baiskeli?"

Lakini ni yeye huyo huyo aliyewahi kunisimulia habari za babu. Babu alikuwa na Black Mamba, ile nyeusi nzito yenye keria nyuma na dainamo ya taa. Jumapili baada ya kanisa alikula, akaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, akaenda nayo. Magharibi alirudi. Keria tupu. Hakuna sukari, hakuna nyama, hakuna habari ya mtu. Nyanya akimuuliza alikokuwa, alimjibu kwamba alienda kuangalia kama barabara bado ipo. Mama huyasimulia haya kama vituko vya mzee. Mimi husikia urithi wangu ukisomwa.

Nami naiangalia ya kwangu. Nikitoka kejani nashika Kamiti Road, nasukumana na matatu kwa kilomita moja ya mateso, halafu majumba yanaanza kupungua. Napita gereza la Kamiti. Dedan Kimathi alinyongwa humo 1957. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya nzima humo kwenye karatasi ya choo, na tulisomeshwa hayo chuoni kama mambo yaliyotokea nchi nyingine, ilhali ungeweza kufika getini kwa baiskeli kabla chapo yako haijapoa. Ndani ya matatu sikuwahi kuyafikiria. Matatu hupita pale kwa kasi, muziki ukiwa juu. Kwa baiskeli unapita polepole, unahema, na ukuta unachukua muda wake kuisha.

Baadaye ni vilima. Unashuka hadi mtoni, unapanda, unashuka tena, ila kwa jumla unapanda, kwa sababu Kiambu iko juu kutuzidi. Hapo ndipo kahawa ilipobakia. Sisi wa huku tulibakishiwa jina tu: Kahawa West, Kahawa Sukari, Kahawa Wendani, ghorofa juu ya ghorofa, na hata mche mmoja huuoni. Kule bado kuna mashamba, ingawa kila mwezi naona bango jipya la ploti zinauzwa. Ukibahatika, mvua ikinyesha baada ya kiangazi, kama wiki moja hivi baadaye mikahawa yote inachanua kwa pamoja, maua meupe, na harufu yake ni kama ya asumini. Inadumu siku chache tu. Huwezi kuipangia. Lazima uwe mtu wa kupitapita ovyo ndiyo siku moja ikukute.

Nafika Kirigiti, nanunua ndizi mbili. Wakati mwingine naendelea hadi Kiambu mjini, naegemea ukuta, natazama watu. Kisha nageuka, na kule kurudi ni mteremko. Sitaueleza mteremko. Kama umewahi, unajua. Kama hujawahi, kuna kitu Nairobi imekunyima na hujakidai.

Sasa, msifikiri ugomvi wangu ni na soja na mama mboga. Hao wanauliza kwa mapenzi. Wanaoniudhi zaidi ni watetezi wa baiskeli. Kila ninaposoma mtu akiisifu, anaiuza kama dawa: inatibu moyo, inatibu msongamano, inatibu hewa chafu, inatibu mfuko. Yote kweli. Lakini sikiliza vizuri, utagundua hakuna anayethubutu kusema kwamba ni tamu. Kana kwamba maskini akikiri anafurahia kitu bure, kitatozwa ushuru. Na upande mwingine kuna wale wa Jumamosi asubuhi, nguo za kubana, baiskeli ya bei ya gari ikiwa juu ya gari. Siwachukii. Wananipungia mkono tukipishana, nami nawapungia. Lakini hata wao wana hesabu: kilomita ngapi, dakika ngapi, mapigo ya moyo mangapi. Na misafara ya Critical Mass, ile ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, naiheshimu, imewapa wengi ujasiri wa kushika barabara. Ila mimi nataka pia Jumanne, peke yangu, bila fulana wala tamko.

Mtaniambia haya ni mambo madogo. Nchi hii vijana hawana kazi, wewe unaleta maua ya kahawa. Subiri niwaambie ya jirani yangu.

Anaishi ghorofa ya tatu kwenye ploti yetu. Alijifunza baiskeli akiwa na miaka 26, usiku, pale magari yanapoegeshwa, mimi nikimshikia kiti. Usiku kwa sababu mtaani kwetu msichana wa umri huo akijifunza baiskeli mchana ni sinema ya bure. Siku nilipoachilia bila kumwambia, alizunguka tangi la maji mara tatu akipiga kelele mpaka keateka akawasha taa za nje. Mwezi uliofuata alinunua ya kwake, nyekundu, ina kikapu mbele. Tuliendesha pamoja karibu kila Jumamosi kwa miezi mitano. Hatukuwa wapenzi, maana najua mnajiuliza. Tulikuwa watu wawili wanaotafuta mahali penye ndizi nzuri.

Jumamosi moja saa kumi na nusu jioni, matatu iliyokuwa inakwepa foleni ilipanda kando ya barabara, pale tulipokuwa tumejibana, ikamtupa mtaroni. Haikusimama. Alivunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Baadaye tulienda kuandikisha taarifa. Afisa alifungua kitabu, akauliza jina, akauliza saa, kisha akauliza, "Ulikuwa unaenda wapi?"

Akajibu, "Kazini."

Yeye ni karani wa hesabu. Anafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Nilisimama pembeni nikanyamaza.

Tulipotoka nje nilimtazama tu. Akaniambia, "Ningemwambia nilikuwa nacheza baiskeli, angefunga hicho kitabu hapo hapo." Na alikuwa sahihi. Hajasomea sheria, lakini alijua kwamba hapa kwetu kuna majeruhi wa aina mbili. Yule aliyegongwa akienda kutafuta unga ameonewa. Yule aliyegongwa akijifurahisha amejitakia. Mfupa ni mmoja, dereva ni yule yule, lakini mmoja lazima kwanza athibitishe kwamba hakuwa anafurahi.

Tena kanuni hii haiwahusu wote. Kila Jumapili jioni barabara ya kutoka Naivasha hujaa magari ya watu waliokwenda kula samaki na kuona ziwa. Wakigongana, hakuna afisa anayeuliza kama safari ilikuwa ya lazima. Hakuna anayesimama kwenye uwanja wa gofu, na Kiambu vimejaa, akamuuliza mzee mwenye kofia, "Unaenda wapi na hicho kifimbo?" Starehe ya mwenye gari inaitwa wikendi. Yetu inaitwa uzembe.

Kisha tazama barabara zenyewe. Thika Road ilipokamilika 2012 ilikuja na njia za baiskeli, na wakati ule ilikuwa ajabu. Nenda leo. Njia ile ni soko la viatu, halafu ni maegesho ya boda, halafu ni gari la mtu aliyeingia dukani dakika moja, halafu inakatika ghafla kama sentensi ya mlevi. Sisemi mwuza viatu afukuzwe. Yeye pia anasukumwa na mambo yake, na ndiye pekee pale anayeniambia "pole" akivuta turubai nipite. Nasema waliochora ile njia waliondoka siku ya kukata utepe. Mwaka 2015 kaunti ya Nairobi iliandika sera yenye maneno matamu, kwamba asilimia 20 ya bajeti ya barabara iwaendee wanaotembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Nakubali kuzungushwa mjini siku nzima na yeyote atakayenionyesha hiyo asilimia 20 imelala wapi. Na 2022 tukafunguliwa Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambako baiskeli haikanyagi hata ukiwa na pesa ya kulipia.

Wanaopanga haya yote hupanga kwa safari. Watu wangapi wanakwenda kazini, wangapi shuleni, wangapi sokoni. Wewe usiyekwenda popote hujahesabiwa, na usiyehesabiwa hajengewi. Ndiyo maana mtoto hana pa kujifunzia baiskeli isipokuwa kati ya magari yaliyoegeshwa. Ndiyo maana ukitaka kuendesha kwa amani unaelekezwa Karura, ulipe kiingilio. Naipenda Karura. Nawashukuru Wangari Maathai na wenzake waliopigwa 1999 wakiitetea isigawanywe. Lakini msitu mmoja hauwezi kuwa ruhusa ya kutupa mitaa mingine yote, na kutoka kwangu hadi huko lazima kwanza nipone barabara ya kufika.

Halafu kuna sisi wenyewe, na hapa naongea na rika langu. Tumemeza hii injili ya hasla mpaka tumekuwa masoja wa geti letu wenyewe. Ukiwa na saa mbili za bure unajisikia mwizi. Ukipenda kupika, wanakuambia fungua kibandaski. Ukipenda kuimba, mbona hujaweka YouTube. Mimi nimeshauriwa mara tatu nianze kupeleka watu vyakula, "maana baiskeli tayari unayo." Nilijaribu, wiki sita. Pesa ilikuwa kidogo lakini ilikuwepo, sidharau. Kilichonishangaza ni kwamba katika hizo wiki sita sikukumbuka kunusa kitu chochote isipokuwa kuku wa wenyewe mgongoni.

Hivi sasa naandika makala, nalipwa zikilipwa. Rendi ya mwezi huu bado. Sijasema baiskeli imenitibu au imenipa mpango wa maisha. Nikiwa kwenye mteremko wa kutoka Kirigiti deni langu la chuo liko pale pale, ila kwa dakika kumi hivi linanifuata kwa nyuma, na halina gia.

Jirani aliiuza ile nyekundu kabla bega halijapona. Aliyeinunua ni mzee anayesambaza mikate madukani. Alitoa kikapu, akafunga sanduku la mbao nyuma. Huwa naiona asubuhi ikipanda kwa taabu, na sijasikia mtu hata mmoja akiiuliza inaenda wapi.

Kesi haijasonga. Mama bado hupiga kila Jumapili, na nikiwa sijashika anajua niko wapi. Mara ya mwisho nilimpigia nikiwa Kiambu, pembeni kukiwa na kelele za steji. "Uko wapi?" "Kiambu." "Unafanya nini huko?" "Hakuna." Alinyamaza kidogo, akaniambia nirudi kabla giza halijaingia.

Na juzi saa mbili usiku mlango ulibishwa. Ni yeye, wa ghorofa ya tatu, amevaa suruali ya kulalia na raba. Aliuliza kama tairi zangu zina upepo. Nikamwambia ya nyuma inataka kidogo. Tukashuka na pampu.