Deni Lisiishi Kuliko Onyesho

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii inamhusu kila mtu, lakini kuna watu ambao inawagusa mara mbili, kwa kuwa kazi yao iko hukohuko harusini na matangani. Nasema juu ya washereheshaji, wachekeshaji, waigizaji na waimbaji wanaotafuta chakula kwa ulimi. Wengi wao wametoka katika vyumba vyetu vya masomo. Mwanafunzi wa lugha anapomaliza, na nafasi ya ualimu yenye mshahara wa uhakika haionekani, ulimi wake ndio jembe lake. Anakusanya wenzake wanne au watano, wanapata jina, wanafanya mazoezi. Kisha, kabla ya onyesho la kwanza, wanakwenda kukopa.

Ndiyo maana naleta habari ya madeni katika jarida la lugha. Vikundi vingi vinavyozaliwa hapa mjini havifi kwa kukosa kipaji. Vinakufa kwa deni, na urafiki unakufa pamoja navyo. Wazo langu ni moja: kikundi kinachoanza kisibebe deni litakaloishi muda mrefu kuliko kitu kilicholizaa. Onyesho huliwa usiku mmoja, kwa hiyo lisilipiwe kwa deni la mwaka mzima.

Najua kuna hadithi zinazosema kinyume. Kevin Smith, Mmarekani, alitengeneza filamu yake Clerks kwa dola 27,000 hivi, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka katika kadi zake za mkopo. Mwaka 1994 filamu ilionyeshwa katika tamasha la Sundance, ikanunuliwa, naye akawa mtu mkubwa. Kabla yake, Robert Townsend alitumia kadi za mkopo kumalizia filamu yake Hollywood Shuffle, iliyotoka mwaka 1987. Vijana wanazisoma hadithi hizi kwenye intaneti na kujiambia kwamba msanii wa kweli hujitosa.

Tuzipime taratibu. Kwanza, tunazisikia kwa sababu waliokopa walifanikiwa. Aliyekopa akashindwa hahojiwi na gazeti. Pili, filamu ni kitu kinachobaki: ikitengenezwa mara moja inaweza kuuzwa mara elfu, hata muigizaji akiwa amelala. Mchezo wa jukwaani haubaki. Kesho ukitaka pesa, sharti usimame tena, ulipe usafiri tena, utoe jasho tena. Tatu, riba ya kadi za Marekani, ambayo Wamarekani wenyewe wanailalamikia, katika mwaka 2024 ilivuka asilimia 20 kwa wastani, lakini hiyo ni kwa mwaka. Kwetu, mkopo wa mtaani huhesabiwa kwa mwezi.

Kadi ya benki ambayo wengi wetu tunaijua hapa Lubumbashi hutoa pesa ambayo tayari ni yako. Kadi yetu ya mkopo ina sura nyingine: daftari la muuza duka, mjomba mwenye mshahara, na hasa ile tunayoiita Bank Lambert. Jina ni la benki ya Ubelgiji, limebandikwa kwa wakopeshaji wasio na ofisi wala kibao mlangoni. Wanatoa pesa haraka, bila karatasi nyingi, na urahisi huo ndio tunaolipia.

Tufanye hesabu, na tumchukue mkopeshaji mpole kuliko wengi, anayetoza asilimia 10 kwa mwezi. Kikundi kinakopa dola 600 kununua bafle mbili, mikro na mashine ya kuchanganya sauti. Tuseme kinapata kazi mbili kwa mwezi, na kila kazi, baada ya kulipa usafiri na watu, inaacha dola 40. Kwa hiyo kina dola 80 za kulipa deni. Mwezi wa kwanza, dola 60 kati ya hizo ni riba. Deni lenyewe limepungua dola 20 tu. Kazi zisipokatika hata mwezi mmoja, kikundi kitamaliza baada ya miezi karibu 15, kikiwa kimetoa zaidi ya dola 1,100 kwa vyombo vya dola 600.

Lakini kazi hukatika. Harusi zina majira yake, na mteja huahirisha. Tuseme miezi mitatu ya mwanzo haikuleta kazi. Deni linapanda: dola 660, halafu 726, halafu karibu 799. Sasa riba ya mwezi mmoja ni karibu dola 80. Kikundi kikirudi kazini kwa nguvu zote, kila kinachopata kinaishia kwenye riba, na deni halisogei. Watu watano wanafanya kazi ya mtu wa sita ambaye hapandi jukwaani kamwe. Hapo ndipo ugomvi unaanza: nani alisaini, nani alikula pesa ya usafiri, nani hakuja mazoezini. Wanadhani wanagombana juu ya tabia, kumbe ni miezi mitatu na asilimia 10.

Lugha yetu ilikwisha kuona hatari hii. Kiswahili kina vitenzi viwili ambapo Kifaransa cha kila siku kinaridhika na kimoja. Kuazima ni kuchukua kitu na kurudisha kilekile: kiti, sufuria, ngoma. Kukopa ni kuchukua kitu kitakachotumika na kuisha, kisha kurudisha thamani yake. Wanasheria nao wanatenganisha mambo haya mawili, mkopo wa kutumia kitu na mkopo wa kukila, ila wanahitaji maneno mengi kuyataja. Mjini tunachanganya. Tunasema «niazime franka elfu tano», hali tunajua noti zilezile hazitarudi. Tukichanganya vitenzi, tunachanganya pia hesabu. Wala tusisahau kwamba kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inampa kukopa maana ya pili: kulaghai. Waliolisema neno hilo kabla yetu walijua umbali mfupi ulioko kati ya mkopaji na mlaghai, hata kama mkopaji alianza na nia njema.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: kinachoweza kuazimwa au kukodiwa kisikopewe pesa. Turudi kwenye kikundi chetu. Kikikodi vyombo kwa dola 25 kila kazi, kinabakiwa na dola 15, yaani dola 30 kwa mwezi. Kikiziweka zote, kitafikisha dola 600 baada ya miezi 20. Ni muda mrefu kuliko ile miezi 15 ya mkopo, sikatai. Lakini mwezi usio na kazi hauongezi chochote juu ya kichwa cha mtu. Anayekopa ananunua miezi mitano, na bei yake ni usingizi.

Mtu atanijibu kwa methali nyingine: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Atasema mteja anakiheshimu kikundi chenye vyombo vyake, na kwamba mwenye vyombo vya kukodi anaweza kuvinyima siku ya kazi yenyewe. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake ni kuandikiana na mwenye vyombo mapema, na kumjua wa pili. Lakini tuulize pia mtaji wa kwanza wa kazi hii ni nini. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya kikundi cha Mufwankolo cha hapa Lubumbashi, anaonyesha jinsi waigizaji wale walivyojenga mchezo mzima kutoka msemo mmoja juu ya mamlaka inayoliwa nzima: wakaujadili, wakabishana, wakafanya mazoezi, bila kuwa na maandishi ya neno kwa neno ya kukariri. Thamani ilitoka katika Kiswahili cha mji na katika saa za mazoezi. Hivyo ni vitu ambavyo hakuna mkopeshaji anayeviuza, na kikundi kinachoanza tayari kinavyo.

Kanuni ya pili: mteja ndiye agharimie maandalizi ya kazi yake. Hapa tuna neno zuri ambalo tumeliacha: arubuni. Ni pesa anayotanguliza mnunuzi ili kufunga mapatano, na akighairi bila sababu anajua ameipoteza. Wanafunzi wa Kifaransa watafurahi kusikia kwamba arubuni na arrhes ni ndugu: Kiswahili kilipata lake kwa Waarabu, Kifaransa kikapata lake kupitia Kilatini na Kigiriki, na shina lao ni moja la Kisemiti. Sisi tunasema avansi, neno ambalo pia hutaja pesa anayoomba mfanyakazi kabla ya mwisho wa mwezi. Basi msanii akiomba avansi anaonekana kama mwenye njaa anayeomba msaada. Akiomba arubuni, anafunga mapatano. Nusu ya malipo siku ya kupatana, nusu nyingine kabla ya kushika mikro: kikundi kinachofuata hivyo kinaweza kulipa usafiri na mavazi bila kumgusa Lambert.

Ugumu uko kwenye heshima. Wateja wetu wa kwanza ni watu wa nyumbani. Baba mkubwa anaozesha binti, anaita: «Wanangu, njoni mtuchangamshie, mambo mengine tutaongea.» Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumjibu baba mkubwa kwa bei. Lakini anaweza kumtuma mtu, kama tunavyofanya katika mambo ya mahari, ambako muoaji hajadili mwenyewe. Kikundi kichague mmoja wa kusema na wazee, naye aende na karatasi: «Baba, tumeheshimiwa sana. Wenzangu wamenituma nilete hii tuipitie pamoja.» Utaratibu wa kumtuma msemaji ni wetu tangu zamani. Tuutumie pia pale tunapofanya kazi.

Kwa wale ambao deni limekwisha kuwakuta, dawa ya deni ni kulipa, lakini kuna mpangilio wa kulipa. Andikeni madeni yote katika daftari moja: nani, kiasi gani, riba gani, tarehe gani. Kila mmoja wa kikundi alione. Wapeni wote kile kidogo mlichokubaliana, na kila franka inayozidi iende kwa mwenye riba kubwa zaidi, hata kama mwingine ndiye anayepiga kelele zaidi. Nendeni kwa mkopeshaji kabla ya tarehe, si baada yake. Anayekuja mwenyewe husikilizwa kuliko anayetafutwa. Msikope kwa Lambert wa pili kumlipa wa kwanza. Na likelemba, ambayo mama zetu wanaiendesha bila diploma, inaweza kusaidia: anayepokea zamu ya mwanzo amepata mkopo usio na riba, anayepokea mwisho ameweka akiba. Mwenye deni la Lambert aombe zamu ya mwanzo, alipe yote mara moja, kisha atoe mchango wake mpaka duru iishe, bila kukosa.

Daftari hilo lina faida nyingine. Tangu mwaka 2012 nchi yetu iko ndani ya OHADA, na sheria yake ya biashara inamtambua mjasiriamali mdogo kwa tamko tu, bila gharama ya kuandikishwa. Wajibu mmoja anaowekewa ni kuandika siku kwa siku kilichoingia na kilichotoka. Kikundi kinachotenga pesa ya onyesho na pesa ya nyumbani, na kuandika zote mbili, tayari kimeanza kutii sheria.

Nina ombi kwa walimu wetu na kwa wenzangu wa promosheni zote. Mapatano mengi ya kazi hii hufanywa kwa mdomo, na yakiandikwa yanaandikwa kwa Kifaransa ambacho mama mwenye sherehe anasaini bila kuelewa, kisha anakataa kulipa akiamini ametegwa. Sisi tunaosoma istilahi na tafsiri tunaweza kutunga nusu ukurasa wa Kiswahili kinachoeleweka Katuba na Kenya: siku, saa, mahali, bei, arubuni, nini kitafanyika mvua ikinyesha au msiba ukitokea. Tuijadili darasani, tuijaribu kwa vikundi viwili au vitatu vya hapa chuoni, tusahihishe maneno ambayo watu hawakuyaelewa, kisha tuichapishe katika toleo lijalo la jarida hili ili kila anayeanza aipate bure. Kazi hiyo inaweza kumalizika katika muhula mmoja.