Kitunguu, uzi na safari ya New York

Tangu Kenya Airways ianze kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, tarehe 28 Oktoba 2018, safari hiyo haikosi mtaalamu wake hapa Mang'ola. Magunia ya vitunguu yakishonwa, maneno nayo yanashonwa.

"Ni saa saba tu: unaondoka saa tano usiku, unatua saa kumi na mbili asubuhi." Saa ya ukutani haisemi uongo, ila hizo ni saa za kuta mbili. Majira ya baridi ya kule, New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Saba na nane, kumi na tano. Ndio muda wa kukaa kitini.

"Rubani angeelea tu, dunia ijizungushe, New York ije yenyewe." Hili nimelisikia hata kwa waliosoma. Kweli, pale ikweta ardhi inakwenda kilomita 1,670 hivi kwa saa, lakini hewa nayo inakwenda pamoja nayo. Panda Fuso inayoelekea Karatu, rusha kitunguu juu ukiwa ndani ya kebini: kinarudi mkononi, hakibaki nyuma kijijini Barazani. Na hata kama hewa ingegoma, ukielea juu ya Nairobi kwa saa saba na nusu ungejikuta juu ya misitu ya Amazoni. Sijui huko ungemuuliza nani njia ya New York.

"Kwenye ramani njia imepinda, wanazunguka ili wapandishe nauli." Chukua kitunguu kikubwa. Tia doa la wino kiunoni, ndio Nairobi. Jingine mbali kushoto, juu kuelekea shingoni, ndio New York. Kaza uzi kati yake. Rula kwenye ramani ingekupitisha Nijeria. Uzi unapanda mapema, unapita Chad, jangwa la Algeria na Moroko, ndipo unaingia Atlantiki. Ni kilomita 11,800 hivi, na hakuna njia fupi kuliko hiyo. Ramani ni ganda lililobanduliwa na kulazwa mezani. Lazima livutike mahali.

"Gawa umbali kwa kasi, basi." Kwa kilomita 900 kwa saa unapata saa 13. Zilizobaki zinaliwa na kupaa, kushuka, na upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi. Gunia limeandikwa moja, ndani mna lumbesa. Marejeo huwa mafupi kwa kawaida, maana upepo huohuo sasa unasukuma.

"Kwa hiyo kesho uko Marekani." Kesho ya nani? Kwanza vumbi hadi Karatu, kisha lami hadi Arusha, foleni ya mpakani Namanga, ndipo Nairobi. Masika yakiharibu barabara, msafiri wa Mang'ola anaanza kuchelewa kabla hajauona mji wa Karatu.