Nyumba Mpya za Safu na Hiari ya Mnunuzi

Wanachama wengi wametuletea khabari, wengine kwa barua na wengine kwa kinywa, ya kwamba wamekwisha kuandikiwa nyumba katika zile safu mpya zinazojengwa pembezoni mwa mji wa Dar es Salaam, na ya kwamba pamoja na mkataba wamepewa karatasi ya kuchagua mageuzi. Karatasi hiyo yauliza kama ukuta wa sebule uondolewe au ubaki, kama jiko liwe wazi au liwe na mlango, soketi zitakuwa ngapi na marumaru za rangi gani. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, yasema kwamba asiyejibu katika siku 14 atapokea nyumba kama ilivyo katika ramani. Tumeambiwa pia, nasi twasikitika kuandika, ya kuwa wengi katika sisi, ambao kazi yetu ya kila siku ni kusoma karatasi za watu wengine, wametia sahihi karatasi hii bila kuisoma.

Wazee wetu waliokaa katika kota za Serikali zama za Waingereza hawakuulizwa neno. Nyumba ilifuata kazi, na kazi ikiondoka nyumba nayo iliondoka. Wala hapakuwa na mtu aliyetaka kujua kama mke wa karani apenda dirisha la jiko litazame uani. Leo mtumishi anunua nyumba kwa mkopo utakaokatwa katika mshahara wake hata akaribie kustaafu, na aulizwa hiari yake mara moja tu, kabla kuta hazijapigwa lipu. Basi ni ajabu kuiacha hiari hiyo ipite.

Tumezitazama karatasi nne za wanachama waliojibu, na katika zote nne fedha nyingi zimekwenda kwenye marumaru, makabati ya jiko na taa za dari. Hatusemi kwamba vitu hivi si vizuri. Twasema tu kwamba marumaru zaweza kubadilishwa mwaka wo wote, na kabati laweza kutengenezwa na seremala ye yote aliye karibu, lakini kilichofukiwa ndani ya ukuta na chini ya sakafu hakifikiwi tena ila kwa nyundo na tindo. Mabomba ya maji, njia za nyaya za umeme, mahali pa choo, upana wa milango: hayo ndiyo ya kuchagua sasa. Fundi akiweka bomba tupu la nyaya kabla ya lipu, gharama yake ni ndogo. Akilitaka baada ya nyumba kwisha, itampasa achimbe mfuo, na mfuo wadhoofisha ukuta. Kanuni za ujenzi za Uingereza zasema mfuo wa kulala usizidi sehemu ya sita ya unene wa ukuta, na wa kusimama usizidi theluthi. Kwa ukuta wa tofali la inchi 6, basi, mfuo wa kulala ni inchi 1 tu, na sisi tumeona mafundi wakichimba hata mkono wazama.

Jambo la upepo lataka kuelezwa zaidi, kwa kuwa ndilo linalosahauliwa na kila mtu. Nyumba ya safu ina nyuso mbili tu, ya mbele na ya nyuma. Ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto ni wa jirani. Kusi na kaskazi haziwezi kuingia ila kwa mbele au kwa nyuma, na zikiingia sharti zipate mahali pa kutokea. Waliojenga nyumba za Kiswahili za vyumba sita, kama zile za Kariakoo na Ilala, waliyajua haya bila ramani ya mtu: ukumbi ulitoka mlango wa mbele moja kwa moja hata uani, na vyumba vikakaa huku na huku, na jioni mtu alifungua milango miwili nyumba ikapoa. Sasa mnunuzi aomba ukuta wa kukata nyumba katikati, ili apate chumba kimoja zaidi, kisha alalamika kwamba pangaboi halitoshi. Mwenye kutaka ukuta huo na auweke, lakini milango ielekeane, na juu ya kila mlango paachwe tundu la kupitisha hewa. Na ambaye nyuma ya nyumba yake yaelekea magharibi, asikubali chumba cha kulala huko kama ana nafasi ya kuchagua. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri huitoa joto yake usiku, saa ambayo mtu ataka usingizi.

Juu ya jiko tutasema kidogo tu. Mwenzetu mmoja alitaka jiko wazi lisilo na mlango, kama aliloliona katika picha. Sasa harufu ya samaki wa kukaanga hupanda ngazi pamoja naye na kwenda naye kazini asubuhi. Lililo kubwa kuliko harufu ni gesi ya mitungi, ambayo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutulia chini sakafuni. Tundu la hewa lililo juu peke yake halifai. Liwepo na la chini, na mtungi ukiwezekana ukae nje.

Ukuta ulio kati ya nyumba na nyumba si wa mtu mmoja. Mwaka uliopita mwanachama wetu mmoja, mtu mwema na mpole, alitoboa ukuta huo ili kuzamisha kabati la vitabu, na jirani yake, karani vile vile, akaona ufa kuanzia dirishani hata darini. Walikuwa wakisalimiana kila siku. Sasa wapeana barua kwa mkono wa watoto. Pale nyumba zilipouzwa kwa hati za sehemu, kwa Sheria Na. 16 ya mwaka 2008 hapa Tanzania, kuna mali ya shirika na kuna chama cha wenye sehemu kilichowekwa kuisimamia. Aulizwe kwanza jirani, kisha chama, kisha mhandisi, na kibali cha halmashauri kitafutwe, ndipo nyundo ishikwe.

Twaombwa pia na mabibi waliotuandikia tuwakumbushe waume zao juu ya wazee. Nyumba nyingi za safu ni za ghorofa moja juu, vyumba vya kulala vikiwa juu na sebule chini. Mama akija kutoka kijijini na goti lake halikunji, atalala wapi, na usiku atakwenda choo gani? Chumba kidogo cha chini chenye choo karibu, na mlango wa upana wa sentimita 90 badala ya 70, vyafaa kuliko dari ya nakshi. Nasi wenyewe tutafika umri huo, tena katika nyumba hiyo hiyo.

Kadhalika mifereji ya bati na tangi. Milimita 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la meta 50 likinyeshewa milimita 20 usiku mmoja limeteka lita 1,000, hata tukitoa zile zinazopotea bado ni nyingi, na sasa maji haya yote yamwagwa barabarani.

Khabari ya fedha ni yenu makarani kuihesabu, lakini twatoa mfano. Tuseme mageuzi ya sh. 1,000,000 yameongezwa juu ya mkopo wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 13. Kila mwezi mtu atalipa sh. 12,650 hivi, na mwisho atakuwa amelipa zaidi ya sh. 2,270,000. Marumaru hizo ni ghali kuliko zilivyoandikwa. Na kwa kuwa theluthi ya mshahara haina budi kubaki baada ya makato, aliyekwisha kufika mpaka wake hana la kukata siku mtoto atakapougua.

Hata hivyo hatuwezi kuwalaumu wanachama peke yao. Siku 14 ni chache kwa mtu aliye wilayani na mkewe yuko mjini, na ramani tulizoziona hazionyeshi upande wa kaskazini, wala ukuta upi wabeba sakafu ya juu na upi ni wa kugawa tu. Kamati imewaandikia wajenzi ikiomba siku 30, ramani iliyo kamili, na bei ya kila mageuzi iandikwe mbali mbali. Jibu halijaja. Mwanachama ambaye bado hajatia sahihi asitie kwanza, bali alete nakala ya karatasi yake kwa Katibu, pamoja na nambari ya nyumba, ili barua yetu ya pili iende na majina mengi.