Kuku wa mfanyabiashara wa mpakani achaguliwe kwa kazi, si kwa jina

Katika miji ya mpakani, iwe Namanga au Busia, Sirari au Mutukula, ni vigumu kukuta nyumba ya mfanyabiashara mdogo isiyo na kuku uani. Mama anayevusha vitenge na baba anayenunua mahindi upande huu na kuyauza upande ule, wote wana kuku wao kumi, kumi na tano au ishirini. Hao si mapambo. Siku mzigo ulipozuiliwa, siku shilingi iliposhuka au siku mwalimu alipomrudisha mtoto kwa sababu ya ada, majogoo wawili hukamatwa alfajiri na kupelekwa sokoni. Kwa watu hawa kuku ni akiba, na kosa katika kuchagua aina ya kuku ni kosa la mtaji.

Kwa bahati mbaya, miaka hii uchaguzi huo unafanywa kwa majina. Kuna Kuroiler, Sasso, Kenbro, Rainbow Rooster na kuku wa Malawi, na kila muuza vifaranga ana jina lake la kusifu. Mnunuzi huuliza swali moja tu: anataga mayai mangapi? Anasahau swali ambalo kwa maisha yake lina uzito zaidi: ni nani atamlisha kuku huyo siku tatu ambazo mwenye nyumba yuko safarini?

Kuku wa kisasa wa mayai ndiye anayevutia wengi kwa hesabu. Akitunzwa vizuri hutaga mayai 280 hadi 300 kwa mwaka. Kuku kumi wa namna hiyo wanaweza kutoa trei zaidi ya 90 kwa mwaka mmoja, na hakuna kuku wa kienyeji atakayewafikia. Lakini kuku mmoja wa mayai hula gramu 110 hadi 120 za chakula kamili kila siku. Kumi wanakula zaidi ya kilo moja kwa siku, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 hauvuki wiki sita au saba. Chakula kikikatika siku mbili, au maji yakisahaulika mchana mmoja wa jua kali, utagaji huanguka, na kurudi kwake ni kwa taratibu. Mwenye duka anayelala kwake kila usiku anaweza kumudu. Anayelala kwenye basi mara mbili kwa wiki hawezi, isipokuwa awe na mtu mzima nyumbani anayeifahamu kazi hiyo.

Broila yuko mbali zaidi. Huyo ni kuku wa wiki tano au sita, wa kununuliwa kwa kundi, kulishwa mfululizo na kuuzwa kwa pamoja. Ana faida kwa anayemfanya kazi kamili. Uani, akichanganywa na wenzake na kuachwa ajitafutie, hana anachokifaa.

Katikati wapo chotara, na hapa ndipo penye mjadala wa kweli. Kuroiler alizalishwa India na kampuni ya Kegg Farms kwa ajili ya kaya za vijijini, akaanza kujaribiwa Uganda karibu na mwaka 2010. Sasso asili yake ni Ufaransa. Kenya ina kuku wa kienyeji walioboreshwa na taasisi ya utafiti ya KALRO, Naivasha. Sifa zao si za uongo. Wanaweza kujitafutia sehemu ya chakula, manyoya yao ya rangirangi huwaficha mwewe asiwaone upesi kama anavyowaona kuku weupe, na hukua haraka. Jogoo wa Kuroiler hukaribia kilo mbili na nusu katika umri ambao jogoo wa kienyeji bado anahangaika na kilo moja na nusu. Kwa mayai, wakipewa chakula cha kuongezea, hutaga mara tatu au zaidi ya kuku wa kienyeji.

Ila wana mambo mawili ambayo muuza vifaranga hayatangazi. La kwanza, wengi wao hawaatamii. Wanataga na kuondoka. Asiye na mashine ya kuangulia, au asiye na umeme wa kutegemea, atarudi dukani kununua vifaranga kila kundi linapoisha. La pili, watoto wao hawafanani na wao. Ubora wa chotara unatokana na kuchanganya koo zilizochaguliwa, na ukizalisha chotara kwa chotara nyumbani, kizazi cha pili huanza kupwaya: mmoja mkubwa, mmoja mdogo, mmoja mtagaji, mwingine hafai. Anayedhani amenunua mbegu, kwa kweli amenunua mavuno ya mara moja.

Kuku wa kienyeji naye si wa aina moja, ingawa huitwa kwa jina moja. Kuchi ni mrefu, mzito, mwenye shingo ndefu na bei nzuri, lakini mayai yake ni machache na ana ugomvi. Kishingo, asiye na manyoya shingoni, huvumilia joto, na anafaa maeneo ya chini yenye jua kali. Ching'wekwe ana miguu mifupi na umbo dogo. Kwa jumla, tetea wa kienyeji hutaga mayai kumi hadi kumi na tano kwa mkupuo, mikupuo mitatu au minne kwa mwaka, yaani mayai 30 hadi 60. Ni machache. Lakini huyo huyo huyaatamia kwa siku 21, huangua, hulea na hupigana na mwewe. Mfanyabiashara akiwa stendi ya mabasi, tetea yuko kazini uani. Mshahara wake ni pumba, mabaki ya jikoni na anachokifukua mwenyewe.

Kwa mtu wa safari, basi, msingi wa banda unapaswa kuwa matetea wa kienyeji wanane hadi kumi, wenye maumbo makubwa, waliokwisha kuonyesha kwamba wanaatamia na wanalea. Juu ya msingi huo aongezwe jogoo mmoja wa chotara, kwani jogoo mmoja anatosha matetea kumi. Vifaranga watakaotoka wataanguliwa na mama zao bila mashine, na watakua upesi kuliko mama zao. Hao ni wa kuuza. Wasiachwe warithi banda, maana kila kizazi kinachochanganywa hupunguza ile tabia ya kuatamia, na baada ya miaka michache mwenye nyumba atajikuta na kuku wasiofika ubora wa chotara wala uhodari wa kienyeji. Tetea mpya atafutwe kwa jirani mwenye koo nzuri, na jogoo abadilishwe kabla hajapanda watoto wake mwenyewe. Anayeuza mayai kwa trei anaweza kuongeza chotara watatu au wanne wa kutaga, lakini awalishe pembeni.

Hata hivyo, hakuna aina inayosalimika kwa jina lake. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hufagia kienyeji na kisasa kwa fagio moja. Chanjo ipo, ikiwemo ya matone ya jicho inayovumilia joto kuliko nyingine, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Na wafanyabiashara wana sababu ya ziada ya kuizingatia, kwani wao ndio huubeba ugonjwa. Kuku asiyeuzwa mnadani hurudishwa nyumbani jioni na kuachiwa pamoja na wenzake. Tenga lililobeba kuku wa vijiji vitano huwekwa mlangoni pa banda bila kuoshwa. Kuku yeyote aliyetoka sokoni anapaswa kutengwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa banda la mpakani kamba hiyo ni dawa.

Ndipo linapokuja suala la mpaka wenyewe. Vifaranga vikiwa bei nafuu ng'ambo, kishawishi cha kuvipitisha njia za panya kwenye boksi ni kikubwa. Wasomaji wa Namanga hawajasahau Oktoba 2017, vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilipoteketezwa kwa moto upande wa Tanzania, wala Februari 2018, vingine 5,000 vilipofuata njia hiyo hiyo. Mapema mwaka 2017, mafua ya ndege yalipogundulika Uganda kando ya Ziwa Victoria, Kenya nayo ilifunga mlango kwa kuku kutoka huko. Aliyeweka akiba yake yote kwenye maboksi hayo aliipoteza siku moja.

Wengine hujitetea kwamba utaratibu wa forodha uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaruhusu bidhaa zisizozidi dola 2,000 kupita bila ushuru. Ni kweli, kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Lakini msamaha wa ushuru hauondoi kibali cha daktari wa mifugo. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya kumewagharimu wengi.

Ni haki pia kuziambia serikali ukweli. Kuchoma vifaranga hakujamfundisha mtu kufuga, na zuio lisilo na njia mbadala huzaa njia za panya. Hofu ya mafua ya ndege ni halali. Kisicho halali ni mama wa Sirari kutojua aende ofisi ipi, alipe kiasi gani na asubiri siku ngapi ili apate kibali cha majogoo matano. Nchi zinazojenga vituo vya forodha vya pamoja zinaweza kumweka daktari wa mifugo katika kila kituo, zikabandika ukutani masharti na ada kwa Kiswahili, na zikakubaliana kutambuana vyeti vya chanjo. Zikifanya hivyo, mbegu nzuri itavuka kwa mlango wa mbele.

Mpaka siku hiyo ifike, mfanyabiashara ajenge banda lake kwa kuku walio upande wake, kwa matetea anaowajua na jogoo aliyemchagua kwa kazi. Faida yake itakuja polepole, lakini haitaishia kwenye boksi linalowaka moto.